Wa Kwetu Hagongewi Mhuri

Bweni la wasichana, chumba 14
3 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema hujambo na kwamba umeota kitambi. La kwanza nimelipokea, la pili nasubiri nilione mwenyewe. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako ikishika mtandao wa nchi ya jirani hujiona iko ugenini na haimpokei mtu.

Umekaa? Kaa kwanza. Nimechaguliwa kujaribu shahada ya heshima! Darasa letu la uhusiano wa kimataifa lina watu themanini na wawili. Majina yaliyobandikwa kwenye mlango wa idara ni tisa, na la saba ni langu. Nililisoma mara nne. Nilipoanza mara ya tano, msichana aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Dada, ni lako kweli, sogea na sisi tutafute yetu."

Unajua tangu darasa la nne nataka kufanya kazi wizara ya mambo ya nje. Sasa nimejua kwamba wanaoitwa kwenye usaili wa wizara ni wale wa shahada ya heshima tu. Wengine wote wanaandikiwa "asante kwa kutuma maombi". Kwa hiyo mimi sina mlango mwingine, Mjomba. Ni huu.

Masharti ni sita. La kwanza ni wastani usiopungua B ya juu, ninao. Halafu lugha ya kigeni kwa mihula minne. Nimemaliza, ingawa nikiongea wenyewe hunionea huruma. Somo la mbinu za utafiti nimefaulu. La nne ni tasnifu ya kurasa sitini, iliyojengwa juu ya vyanzo ambavyo mtafiti mwingine hajawahi kuvigusa. La tano, siku tano za utafiti nje ya nchi. La sita, kuitetea tasnifu mbele ya jopo la watu watatu wasiocheka.

Sharti la nne ndilo linaloninyima raha. Msimamizi wangu tunamwita Mama Ushahidi, kwa sababu hata ukimwambia mvua inanyesha atauliza umejuaje. Nilimpelekea mada ya kwanza, "Amani Duniani". Akaniuliza, "Duniani ni wapi hasa?" Ya pili ameipiga mstari mwekundu, ya tatu hakumaliza kuisoma. Nina wiki mbili. Hebu nifikirie na wewe, maana akili yangu imeganda.

Mpwa wako anayeruka ruka kitandani kama mtoto,
Mimi

*

Kituo cha mpakani, dirisha namba 2
9 Februari

Balozi wangu,

Marahaba. Usishangae cheo, nimeanza kukuita hivyo tangu nilipofungua bahasha, na wenzangu wa dirisha namba 1 na 3 nao wameshika. Barua yako nimeisoma mbele ya foleni ya madereva wa malori kumi na wanne, wakapiga makofi. Walidhani wakipiga makofi watapita haraka.

Nina swali moja. Kama ninyi tisa mnasoma shahada ya heshima, wale sabini na watatu wanasoma ya utovu wa adabu?

Kuhusu mada, mimi ni mtu wa mihuri, sina la kukufundisha. Miaka ishirini na saba nimekaa kwenye dirisha hili nikiangalia nyuso na picha, picha na nyuso. Dunia ninayoijua ina urefu wa hatua mia na hamsini, kutoka kizuizi chetu hadi chao, na mimi sijawahi kupita ule mstari wa njano katikati. Ukiwa na sare huruhusiwi, na nikiwa sina sare nakuwa nyumbani nakula.

Leo nimekasirika kidogo. Ni yule mwenzangu wa upande wa pili, tunaitana Jirani. Ana mwandiko mbaya sana. Kila asubuhi saa mbili tunakutana kwenye mstari na kubadilishana daftari. Siku moja naandika mimi, siku ya pili anaandika yeye. Leo kaandika kitu, nikakisoma "ng'ombe", nikatayarisha karatasi za mifugo, kumbe ni "ng'ambo". Daftari hili tulilikuta, walioanzisha wameshastaafu. Sasa ni la kumi na tisa, mengine yapo kwenye kabati, yale ya zamani zaidi yako kwa Jirani. Tunaandikiana umeme umekatika upande gani, lori gani breki zake si za kuaminika, nani kafiwa. Hata ule mwaka serikali zetu zilipofukuziana mabalozi na redio zikawaka moto, sisi tuliandikiana kama kawaida: "Tuazimeni wino, wetu umekauka."

Lakini hayo ni mambo ya wazee wa ofisini. Wewe tafuta kitu kikubwa.

Mjomba wako

*

Chumba 14
13 Februari

MJOMBA!

Madaftari kumi na tisa? Kwenye kabati? Kabati gani? Lina kufuli? Mwambie mtu yeyote asilisogelee, asilipanguse hata vumbi!

Nimekimbia na barua yako mpaka ofisini kwa Mama Ushahidi, nikaingia bila kubisha hodi. Akasoma. Akavua miwani. Akasoma tena pale pa wino. Halafu akasema, na hili nakuapia, akasema, "Haya ndiyo mahusiano ya kimataifa." Akasaini fomu papo hapo!

Muulize Jirani kama anakubali. Mkuu wako naye muulize. Nitakuja mwezi wa tatu, kuanzia tarehe 10. Kila asubuhi nitavuka kwenda kusoma madaftari ya zamani yaliyo kwao na kuwahoji, jioni nirudi kulala kwako. Siku tano nje ya nchi! Sharti la nne na la tano kwa safari moja!

Mpwa wako

*

Dirisha namba 2
18 Februari

Balozi,

Punguza moto. Nimeuliza.

Mkuu wa kituo amekubali madaftari yasomwe, mradi majina ya watu yafichwe. Alisema hajui kama yanafaa kitu, ila kama chuo kimeyataka basi tuyapanguse vumbi. Nikamwambia yasipanguswe, mtafiti kakataza. Akaniangalia sana.

Jirani amekubali kabla sijamaliza sentensi. Amekwenda kunyoa. Bado wiki tatu, yeye ameshanyoa. Sasa hivi anaandika daftarini kwa herufi kubwa za mtoto wa chekechea ili mtafiti asipate shida, na ukurasa mmoja unabeba maneno sita.

Kuhusu kuvuka usijali. Sisi tuna desturi yetu hapa, ya zamani kama daftari lenyewe. Mtu wa familia ya ofisa, awe wa upande huu au ule, hapangi foleni wala hagongewi mhuri. Anayekaa dirishani anapaza sauti, "Wa kwetu!", na upande wa pili wananyanyua kizuizi. Siku hiyo tunaandika daftarini: wa kwetu mmoja, kaenda, karudi. Binti yake Jirani alipita hivyo kwenda kujifungua katika hospitali ya upande wetu, hakuna aliyemuuliza karatasi.

Leta mkoba mwepesi na hamu kubwa ya kula.

Mjomba wako

*

Chumba 14
20 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo tena, ingawa ni juzi tu tumeagana na bado nina makombo ya chakula chako kwenye mkoba. Kitambi nimekiona. Mama alitumia lugha ya kidiplomasia.

Sijui nianzie wapi. Siku tano zile! Nilipita mpakani kama waziri. Mabegi ya watu yanafunguliwa, madereva wanajaza fomu kwa jasho, mimi nasikia tu "Wa kwetu!" na kizuizi kinapanda. Siku ya kwanza nilitazama nyuma nikidhani kuna mtu mkubwa anakuja. Jirani ananisubiri na kiti tayari na madaftari yamepangwa kwa miaka. Yule mzee ni mcheshi mpaka mbavu zikauma, lakini nilipomuuliza juu ya mwaka ule wa mabalozi alifunga daftari, akaniambia, "Siku ile mjomba wako angeandika neno moja baya, mimi ningeandika kumi. Akaandika wino."

Sentensi hiyo ndiyo inayofungua tasnifu. Nimefika ukurasa wa thelathini na nane na bado sijapumua. Hoja yangu ni kwamba mataifa hayaaminiani kwenye mikataba kwanza. Yanaaminiana pale watu wawili wanapopata nafasi ya kudanganyana kila siku, na wasiitumie. Katika madaftari kumi na tisa sijaona uongo hata mmoja. Nimeutafuta, Mjomba, Mama Ushahidi aliniagiza niutafute.

Jina la tasnifu ni "Wa Kwetu".

Mpwa wako mwenye wino mpaka kwenye kiwiko

*

Chumba 14
24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Soma hii peke yako, si mbele ya foleni.

Jana nilipeleka tasnifu kwa katibu wa idara ili afungue jalada la jopo. Kurasa sitini na moja, zimefungwa vizuri, nimevaa nguo nzuri kabisa. Akapiga tiki sharti moja moja. Alipofika la tano akanyoosha mkono, "Pasipoti." Nikampa huku natabasamu. Akafunua, akafunua, akafika jalada la nyuma. Akaanza tena kutoka mbele. Halafu akanitazama kwa upole uliozidi ukali, akasema, "Binti, wewe hujatoka nchini."

Mjomba, haina hata mhuri mmoja. Nilipita kama waziri.

Kosa ni langu. Nilipokuandikia masharti nilikuwa naruka kwa furaha nikalifupisha lile la tano. Liko hivi: "Siku tano za utafiti katika ardhi ya nchi nyingine, zithibitishwe kwa mihuri ya kutoka na kuingia." Nililisoma mara ngapi lile tangazo? Macho yalikuwa kwenye jina langu.

Jalada linafungwa tarehe 20 Mei. Bila sharti la tano nafutwa kwenye tisa, nabaki na shahada ya kawaida, na wizara nitaisikia redioni.

Pasipoti nimeifunga humu. Nimelia nimemaliza, sasa nafikiri. Ule mhuri wako una gurudumu la tarehe, niliona unalizungusha kila asubuhi. Kwa kuwa kweli nilivuka, na wewe uliniona, na Jirani aliniona, ingekuwa ni kurudisha tu kile kilichotokea. Tarehe 10 hadi 14 Machi. Naomba unigongee.

Mpwa wako, maji yamemfika shingoni

*

Chumba 14
25 Aprili

Mjomba, USIGONGE!

Nimempa barua hii dereva wa basi la asubuhi mkononi mwake, nimemwambia ni ya ugonjwa. Kama hujagonga, usigonge. Nimeandika kurasa sitini na moja kwamba ninyi wawili hamjawahi kudanganyana, halafu mimi ndiye nikufundishe. Bora nisipate. Niamini, bora nisipate.

Mimi

*

Dirisha namba 2
28 Aprili

Balozi,

Barua yako ya kwanza ilifika tarehe 26 mchana. Ya pili ilifika tarehe 27. Kati ya hizo mbili kuna siku moja, na nitakusimulia yote kwa sababu wewe ndiye mtafiti na mimi sina cha kuficha.

Nilifunga dirisha. Nilisema naenda kula, lakini sikula. Nikazungusha gurudumu la tarehe kurudi nyuma, na hilo gurudumu, Balozi, limezoea kwenda mbele tu, lilikuwa gumu mpaka likanichubua kidole gumba. Nikalifikisha tarehe 10 Machi. Nikafungua pasipoti yako ukurasa wa tano. Wewe ni mtoto wa dada yangu. Nimekubeba mgongoni. Nilikuwa tayari kabisa kugonga, nisikudanganye.

Kilichonizuia si uadilifu, ni hesabu ya kazi. Mtu hawezi kutoka kwetu bila kuingia kwao. Mhuri wangu peke yake ungesema umetoka ukayeyuka hewani. Ilibidi na Jirani agonge wake.

Nikaenda mpaka kwenye mstari wa njano, si saa mbili, ilikuwa saa nane mchana, kwa hiyo aliponiona alikuja mbio akidhani kuna msiba. Nikampa pasipoti bila neno. Akaifungua, akaona kidole changu kina wino, akaelewa. Tumeangaliana kwenye ule mstari miaka kumi na tisa, hatuhitaji maelezo. Akasema, "Ukiniomba nitagonga. Lakini usiniombe."

Nikarudi. Nikalirudisha gurudumu tarehe ya siku ile. Lilirudi kwa urahisi ajabu. Pasipoti yako nimeifunga humu, safi kama ulivyoileta.

Usiku nililala vibaya, nikiona nimekutupa. Asubuhi dereva wa basi akaniletea barua ya "ugonjwa", na nilipoisoma nilicheka peke yangu mpaka wa dirisha namba 3 akaja kunishika paji la uso. Damu yetu ni moja, kumbe.

Sasa sikia nilichofanya, na usinigombeze maana imeshapita. Nimeiandikia idara yenu ukweli wote: kwamba ulivuka siku tano, na kwamba hukugongewa mhuri kwa sababu ya desturi yetu ya "wa kwetu". Nimeambatanisha kurasa za daftari za siku hizo. Jirani naye ameandika ya kwake, kwa karatasi ya serikali yake, kwa herufi za chekechea. Mama Ushahidi atafurahi, serikali mbili zimesema neno moja siku moja. Na kabla ya kutuma nilimpelekea mkuu wa kituo nakala, ili asije akayasikia kwa watu.

Aliisoma amesimama. Akaniambia nitoke, ataniita.

Mjomba wako

*

Chumba 14
4 Mei

Mjomba!

Nakugombeza halafu nakushukuru. Uliniandikia nini? Kwamba huna cha kuficha. Sikukuruhusu uende kujianika kwa mkuu wako! Mama amepiga simu analia, anasema nimekufukuzisha kazi. Amekuita? Amesema nini? Hivi bado una kazi?

Lakini sikia, sikia! Idara imekaa kikao. Katibu anasema barua zenu zilisomwa kwa sauti, na ile ya Jirani ilisomwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haikusomeka. Uamuzi wao: barua haiwezi kuwa mhuri, sharti ni sharti. Ila kwa kuwa jalada halijafungwa, nikirudi mpakani nikakaa siku tano zenye mihuri kabla ya tarehe 20, jina langu linabaki kwenye tisa!

Mama Ushahidi alinisubiri nje ya kikao. Akaniambia, "Mada yako imepanuka. Nenda ukaangalie desturi hiyo ikiwa haipo inakuwaje."

Nipo kwenye basi la kesho. Usinipikie. Au nipikie.

Mpwa wako

*

Dirisha namba 2
13 Mei

Balozi wangu,

Umeondoka jana, na kuna mambo ambayo sikuweza kukuambia dirishani kwa sababu nyuma yako palikuwa na yule dereva wa lori la saruji anayepumulia watu shingoni. Nyumbani nako ulikuwa unaandika tu, hata chakula ulikula bila kukiangalia.

Bado nina kazi. Mkuu amenipa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na saba. Mwandishi wake alikosea tarehe ikabidi irudiwe, nikamwambia gurudumu lake limekwama. Nimeibandika ndani ya kabati, kando ya madaftari. Na kuanzia Jumatatu ile uliyofika, ametoa amri kwa maandishi, na wa upande wa pili wametoa yao: kila mtu anapanga foleni, kila mtu anagongewa. Hakuna "wa kwetu" tena.

Wa kwetu wa kwanza kuangukiwa na amri hiyo ulikuwa wewe. Ulisimama kwenye foleni, wa tisa, umeshika pasipoti kwa mikono miwili. Nilikuona kutoka mbali nikajifanya sikuoni. Ulipofika nikasema, "Jina?" Ukataja jina lako lote, na la baba yako marehemu, shemeji yangu, ukalitaja. "Unakwenda kufanya nini?" Ukasema, "Utafiti." Balozi, nimewauliza watu swali lile mara sijui ngapi, wamenijibu biashara, matembezi, msiba, harusi. Hakuna wa nyumbani kwetu aliyewahi kunijibu utafiti. Niligonga kwa nguvu mpaka kikombe changu cha chai kikaruka. Ndiyo maana ule mhuri wa kwanza umepinda kidogo. Mingine nilijikaza ikanyooka.

La kusikitisha ni moja. Jana jioni binti yake Jirani alikuja na mtoto wake, yule aliyezaliwa huku. Alinitabasamia akaenda moja kwa moja kwenye kizuizi, kama siku zote. Kizuizi hakikupanda. Ilibidi nimwite arudi apange foleni. Alirudi, hakununa, lakini hakunitazama usoni.

Usijilaumu. Nakuambia tu kwa kuwa umesema unataka vyanzo.

Mjomba wako

*

Chumba 14
21 Juni

Mjomba, Mjomba, Mjomba!

NIMEPITA! Mimi, wa saba kwenye orodha, nimepita wa pili! Shahada ya heshima! Mama amenibeba mbele ya watu na mgongo wake ule. Usaili wa wizara ni mwezi wa nane, barua ya kuitwa imeshafika, nimelala nayo chini ya mto.

Jopo lilikuwa la watu watatu wasiocheka, kama tangazo lilivyoahidi. Mmoja alishika pasipoti yangu akahesabu mihuri kwa kidole, ishirini, akasema hajawahi kuona mtafiti aliyetoka na kuingia kiasi hiki bila kufika popote. Nikasema, "Nilifika hatua mia na hamsini, mzee." Akacheka! Wa kwanza kucheka katika historia ya idara.

Lakini mwingine, mama mmoja mwenye sauti ndogo, aliuliza swali ambalo bado linanichoma. Akasema, "Umeandika juu ya desturi iliyodumu miaka mingi, hata serikali zilipogombana. Iko wapi leo?" Nikasema haipo. "Nani aliiondoa?" Nikasema, "Mimi." Akaandika kitu, akanipa alama za juu kuliko wote.

Mjomba, nimefurahi mpaka nahisi nitapasuka, na katikati ya furaha hiyo namwona yule binti anarudi kupanga foleni na mtoto wake. Nimeongeza sentensi ya mwisho kwenye tasnifu, kabla haijaenda maktaba. Inasema: "Desturi ya 'wa kwetu' ilikoma tarehe 6 Mei, kwa sababu ya utafiti huu." Niliandika kwa sababu ni kweli. Mwombee Jirani anisamehe.

Mpwa wako

*

Nyumbani, si dirishani
3 Julai

Balozi wangu wa kweli sasa,

Mimi ni mtu mzima na nimeruka ruka. Kitambi kilichelewa kidogo lakini nacho kiliruka. Madereva wa malori wamepiga makofi tena, na safari hii niliwapitisha haraka.

Nilimpa Jirani barua yako kwenye mstari wa njano. Alisoma sentensi yako ya mwisho, akakunja karatasi, akasema, "Mwambie mtoto asiwe na haraka ya kuzika." Nikamuuliza ana maana gani. Akasema, "Wewe una pasipoti?" Nikasema sina, ya nini? Akaondoka bila kunijibu.

Nimekwenda kuomba pasipoti. Nilipiga picha mara tatu kwa sababu nilikuwa nafanya uso wa mtu anayekagua picha. Ilipotoka nikaomba likizo ya siku moja, mkuu akauliza naenda wapi, nikamwambia nje ya nchi. Alicheka mpaka akakaa.

Jana nimevaa suruali niliyoivaa kwenye harusi ya mama yako. Nikapanga foleni kwenye dirisha langu mwenyewe, wa sita. Wa dirisha namba 3 ndiye aliyekuwa amenishikia kazi, akaniuliza jina langu kwa sauti, mjinga yule, huku amebana kicheko. Akanigongea. Nikaanza kutembea. Nilipofika kwenye mstari wa njano miguu ilisimama yenyewe, kwa mazoea. Ilibidi niiambie. Nikaupita. Hakuna kilichotokea, Balozi, lami ni ileile.

Jirani alikuwa dirishani kwake na sare imepigwa pasi. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na mkuu wake amesimama pembeni, kwa hiyo kila kitu kilifanywa kwa sheria. "Jina?" Nikataja. "Umekuja kufanya nini?" Nikasema, "Kumtembelea jirani." "Utakaa siku ngapi?" "Mpaka chai iishe." Akaandika: siku moja. Akanitazama mimi, akaitazama picha, polepole, kama hajawahi kuniona. Akagonga. Mhuri umenyooka, mweusi, tarehe ya siku ileile.

Halafu akanirudishia pasipoti kwa mikono miwili, akainama mpaka mdomo ukakaribia kioo, akasema kwa sauti ya chini, "Pita, wa kwetu."

Nilishindwa kuondoka pale dirishani. Mtu wa nyuma yangu akalazimika kunisukuma.

Na si mimi tu. Amenieleza tukiwa tunakunywa chai kwamba tangu amri itoke anamwambia hivyo kila mtu wetu, baada ya mhuri. Yule binti yake leo asubuhi amepita dirishani kwangu akirudi. Nilimgongea yeye, nikamgongea na mtoto, kisha nikainama. Alinitazama usoni.

Kwa hiyo nenda maktaba, Balozi, ile sentensi ya mwisho uirekebishe. Mama Ushahidi akitaka mhuri, nakala ya ukurasa wangu wa kwanza nimeifunga humu. Akitaka kujua kilichosemwa baada ya mhuri, mwambie hicho hakina karatasi. Mwambie yupo shahidi, alikuwa wa sita kwenye foleni.

Mjomba wako, aliyewahi kwenda nje

Nb. Kule nako chai yao ni chai tu.